Je, wajua kwa nini oksijeni ileile huweza kuwa maji au kuwa dawa ya kuua vijidudu?

Haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu ikigusa kidonda, iligunduliwa na Mfaransa Louis Jacques Thénard mwaka 1818. Hadi leo sehemu yake kubwa hutengenezwa katika viwanda vikubwa kwa njia ndefu inayotumia gesi ya haidrojeni, kisha husafirishwa ikiwa kali, jambo ambalo lina hatari zake. Kuitengeneza papo hapo inapohitajika, kwa oksijeni ya hewani, maji na umeme, kungeondoa safari hiyo yote.

Ugumu uko kwenye hesabu ya elektroni. Molekuli ya oksijeni ikipokea elektroni mbili na protoni mbili huwa peroksaidi, lakini ikipokea nne za kila aina huwa maji, na maji ndiyo yaliyo tulivu zaidi. Kwa hiyo kichocheo (dutu inayoharakisha mwitikio wa kikemia) kinachopakwa kwenye elektrodi, yaani kipande kinachoingiza umeme kwenye myeyusho, hutakiwa kuianzisha kazi na kuisimamisha katikati, na hilo, kwa maoni yangu, ni gumu kuliko kuiharakisha tu. Kikiishika oksijeni kwa nguvu mno, kama platini inavyofanya, atomu zake mbili huachana na mwisho wake ni maji. Kikiishika kwa ulegevu, kama dhahabu, mwitikio huenda polepole.

Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipiga hesabu kwa kompyuta kwanza, kisha wakaichanganya platini na zebaki. Juu ya mchanganyiko huo kila atomu ya platini huzungukwa na zebaki, hivyo oksijeni hujishikiza kwa ncha moja, na ncha ya pili haipati platini nyingine ya kuivuta hadi kifungo kikatike. Kwa kuwa zebaki ni sumu, wengine wamegeukia kaboni iliyooksidishwa, au atomu mojamoja za kobalti zilizozingirwa na nitrojeni ndani ya kaboni.

Maabara hukijaribu kichocheo juu ya kisahani kidogo kinachozunguka, mara nyingi mizunguko 1,600 kwa dakika, ndani ya myeyusho uliojaa oksijeni. Mzunguko huo huisukuma peroksaidi kutoka kisahanini hadi kwenye pete ya platini iliyokizingira, ambako huoksidishwa tena, yaani hunyang'anywa elektroni ilizopokea, na mkondo wa umeme unaosomwa kwenye pete hiyo ndio unaoonyesha ni sehemu gani ya oksijeni iliyokomea kwenye elektroni mbili.