Tipu si mshahara: wanayoambiwa wahudumu wa hoteli na mikahawa

"Tipu unazipata, mshahara mkubwa wa nini?"

Nianze na hili kwa sababu ndilo linalowaumiza wengi. Mwaka 1991 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Mkataba Na. 172, mahsusi kwa hoteli na mikahawa. Humo tipu ni fedha anayotoa mteja kwa hiari yake, juu ya anachodaiwa. Na iwepo isiwepo, mfanyakazi alipwe ujira wa msingi kwa vipindi vinavyojulikana. Mgeni akishukuru, deni la mwajiri liko palepale.

Nchi hazifanani, ni kweli, na mkataba huo unazibana zile tu zilizouridhia. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaruhusu mpokea tipu alipwe dola 2.13 kwa saa, ila tipu zisipomfikisha kwenye kima cha chini cha mshahara, dola 7.25 kwa saa, mwajiri ndiye wa kujaza pengo. Wangapi wanaambiwa hilo? Uingereza, tipu haihesabiwi kabisa ndani ya kima cha chini, na tangu Oktoba 2024 mwajiri haruhusiwi hata kukata humo gharama za malipo ya kadi.

Wateja nao wajue: "ada ya huduma" iliyochapwa kwenye bili si lazima imfikie aliyekuletea chakula. Ulizeni kabla ya kulipa.

"Hakukuwa na wageni, kwa hiyo hukufanya kazi"

Mkataba huohuo Na. 172, isipokuwa sheria au desturi ya nchi iseme vingine, unahesabu kuwa saa za kazi muda ambao mfanyakazi yuko chini ya amri ya mwajiri. Umevaa sare, umesimama mlangoni, huruhusiwi kuondoka: hiyo ni kazi. Sikukuu ya kitaifa ukiingia zamu, ufidiwe kwa malipo au kwa muda wa kupumzika.

"Sahani ikivunjika, mteja akitoroka na bili, mhudumu analipa"

Si kwa uamuzi wa meneja peke yake. Mkataba mwingine wa ILO, Na. 95 wa 1949, unaruhusu makato yale tu yaliyowekewa masharti na sheria za nchi au makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, na mfanyakazi ajulishwe. Chakula cha kazini kinaweza kuhesabiwa kama sehemu ya ujira pale sheria inaporuhusu, kwa thamani ya haki; pombe kali, kamwe.

"Toa kitu kidogo kwanza ndipo upewe nafasi"

Kuuza na kununua ajira ni marufuku: Ibara ya 7, Mkataba Na. 172.