Ameumia taya? Usimlaze chali

Swali: Vita viko mbali. Majeraha ya taya ya vitani yanatuhusu nini sisi wa Mbeya na Iringa?

Jibu: Yanaua kwa njia ileile tunayoiona kwa vijana wa bodaboda. Vitani ni risasi na vipande vya bomu: askari ana kofia ya chuma na fulana ya kuzuia risasi, uso umebaki wazi. Kwetu ni lami ya barabara ya Tunduma, na kofia ngumu imening'inizwa kwenye usukani.

Swali: Kinachomuua ni damu kuisha?

Jibu: Mara nyingi ni kukosa hewa. Ulimi umejishikiza kwa mbele kwenye taya la chini. Taya likivunjika pande zote mbili, ulimi haushikwi tena. Ukimlaza mtu chali unarudi nyuma na kuziba koo. Ongeza damu, meno yaliyong'oka na matapishi. Dakika chache zinatosha.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari waliovunjika taya walilazwa chali kwenye machela, wakafia njiani. Daktari Mwingereza William Kelsey Fry alisisitiza wabebwe uso ukiinama. Baadaye alifanya kazi na daktari wa upasuaji Harold Gillies kwenye hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa 1917 kwa ajili ya kurekebisha nyuso za askari. Vita hivyohivyo vilipita Iringa na Tukuyu mwaka 1916. Miaka zaidi ya mia imepita, na bado tunaletewa majeruhi nyuma ya Noah, kichwa mapajani mwa shemeji, uso juu.

Swali: Sasa akae vipi?

Jibu: Kama ana fahamu, akae ameinamia mbele, damu na mate vitoke nje. Akikataa kulala, jamani, msimlazimishe! Ameshaona kwamba akilala hapumui. Kama hana fahamu, mlazeni ubavu, mdomo ukielekea chini.

Swali: Na shingo je? Si tuliambiwa majeruhi asisogezwe?

Jibu: Mliambiwa vizuri. Mmoja ashike kichwa, wengine wageuze mwili wote kwa pamoja kama gogo, shingo isipinde. Ila kumwacha chali huku damu inajaa kooni, eti mnaogopa shingo, hapana.

Swali: Akisikia kizunguzungu, tumlaze chali kidogo tu apumzike?

Jibu: Hapana. Hata kidogo. Aegemee ubavu.

Swali: Tuanzie polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi?

Jibu: Anayekoroma na kutoa mapovu ya damu anaanzia hospitali. Karatasi ataifuata ndugu mwingine.

Swali: Damu tuizuieje?

Jibu: Kandamizeni jeraha la nje kwa kitambaa safi. Mdomoni msijaze vitambaa, na kidondani msiweke unga wa kahawa wala majani. Jino zima la mtu mzima likitoka, lishikeni upande wa kutafunia, si mzizi, litumbukizeni kwenye maziwa na mfike nalo ndani ya saa moja.

Swali: Taya likifungwa kwa kitenge halitajirudi lenyewe?

Jibu: Wanaosubiri hivyo wanakuja na usaha, na meno ya juu hayakutani tena na ya chini. Hospitalini tunafunga meno ya juu na ya chini kwa waya, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, au fundi wa upasuaji anaweka bamba dogo la chuma. Siku hizo ni uji wa ulezi, maziwa na supu iliyochujwa.

Swali: Ulanzi nao ni majimaji. Nikinywa kwa mrija?

Jibu: Hili naulizwa kila msimu wa ulanzi. Hapana. Ukilewa utatapika, na taya limefungwa kwa waya. Matapishi yatapita wapi? Mkasi wa kukatia waya uliopewa uwe karibu nawe usiku na mchana, na mtu wa nyumbani afundishwe kuutumia. Ukianza kutapika, kaa, inama mbele, waya ukatwe, kisha rudi hospitali siku hiyohiyo.