Bomu limeteguliwa, au limelipuka?

Video yenyewe huenda umeiona. Mfereji umetulia, miti imesimama ukingoni, halafu maji yanavimba na kupasuka juu kama mnara mweupe unaoipita ile miti kwa mbali. Nilipoletewa juzi, chini yake pameandikwa: "Bomu la Vita Kuu ya Pili lateguliwa bandarini." Nikarudia kuitazama, labda nimekosea. Hapana. Lile bomu limelipuka.

Nimeshavumilia mengi katika habari za mabomu. Nimesoma "wataalamu wa kutega mabomu wameitwa eneo la ujenzi", nikajisemea kwamba hao, kama wapo, polisi wangependa sana kuonana nao. Lakini hili la kutegua limenishinda.

Maana kwanza, kwa haraka. Bomu ambalo halijalipuka ni lile lililodondoshwa vitani, likafika chini, kiwashio chake, yaani kifaa cha kuanzisha mlipuko, kisifanye kazi. Na ni "halijalipuka", si "lisilolipuka". Mgeni ambaye hajafika na mgeni asiyefika ni watu wawili tofauti: wa kwanza unamwachia mlango. Baruti iliyomo inaweza kukaa miaka 80 na bado ikawa na nguvu zake, huku kiwashio kikizidi kuoza na kutotabirika. Bandarini mabomu haya hayakosekani kwa sababu bandari zililengwa makusudi, na tope laini la bandari hulimeza bomu bila kulishtua vya kutosha. Hukaa humo hadi atokee mtu anayetaka kuongeza kina cha maji au kusimika nguzo za gati. Ndiyo maana katika bandari kama Hamburg hukaguliwa kwanza picha zilizopigwa na ndege wakati wa vita, kisha ardhi hupimwa kutafuta chuma, ndipo mitambo iruhusiwe.

Sasa neno lenyewe. Kutegua ni kutendua kilichotegwa. Funga, fungua; ziba, zibua; kunja, kunjua; tega, tegua. Aliyetegua mtego ameuondolea uwezo wa kunasa, na mtego bado uko pale pale mikononi mwake. Kitendawili nacho hutegwa ("Kitendawili!" "Tega!") na mwenye jibu hukitegua. Hata anayesema ameteguka mguu anatuambia kiungo kimetoka mahali pake. Hiyo ya mwisho ndiyo naipenda zaidi, kwa sababu mtegua bomu hufanya karibu kitu hicho hicho: hukitoa kiwashio katika tundu lake. Akimaliza, bomu ni pipa zito la chuma lenye baruti, hupakiwa kwenye lori na kuondoka. Hakuna mnara wa maji.

Mtu makini ataniuliza: bomu la ndege lilitegwa na nani, ikiwa lilidondoshwa tu? Swali zuri, na "bomu lililotegwa wakati wa vita" ni kosa lingine ninalokutana nalo. Lakini kiwashio kweli hutegwa. Waingereza walikuwa na mabomu ya kuchelewa: ndani ya kiwashio kuna kichupa cha asetoni, kikivunjika asetoni, kimiminika kikali, inakula taratibu kipande cha seluloidi (aina ya plastiki) kinachozuia pini, na pini ikiachiwa, mlipuko. Bomu kama hilo likizama kwenye udongo laini mara nyingi liligeuka, likatulia pua juu. Asetoni ikatiririka mbali na seluloidi, na kazi ya saa chache ikabaki haijaisha hadi leo. Baadhi ya viwashio viliongezewa kizuizi cha kumlipua yeyote atakayejaribu kuvitoa. Huo ni mtego halisi. Mwaka 2010 huko Göttingen, Ujerumani, watu watatu waliuawa wakiwa bado wanajiandaa kulitegua bomu la kuchelewa.

Kwa hiyo mara nyingine hawategui: huichoma baruti polepole, au hulilipua bomu kwa makusudi. Ile video ni ya Świnoujście, Poland, Oktoba 2020. Bomu ni Tallboy la Waingereza, zaidi ya tani 5, lililodondoshwa Aprili 1945 katika shambulio dhidi ya meli ya kivita Lützow, likapatikana 2019 katika kazi za kuongeza kina cha njia ya meli. Lilikuwa limezama kwenye tope, pua tu ikionekana, na daraja halikuwa mbali. Mpango ulikuwa kuichoma baruti iungue bila kulipuka. Ikalipuka. Watu walikuwa wamehamishwa, wapiga mbizi walikuwa mbali, hakuna aliyeumia, na jeshi la majini likatangaza kwamba hatari imekwisha. Ni kweli imekwisha! Lakini kuisha kwa hatari si kutegua.

Great Yarmouth, Uingereza, Februari 2023, hadithi ni hiyo hiyo kwa udogo: bomu la kilo 250 kwenye ujenzi wa daraja la mto, karibu na mabomba ya gesi. Walitaka kuichoma baruti polepole kwa kutumia roboti, bomu likalipuka lenyewe. Mwaka uliofuata huko Plymouth, lile la kilo 500 lililofukuliwa katika bustani ya nyumba lilipitishwa mitaani kwenye gari la jeshi hadi ufukweni, likapelekwa baharini na kulipuliwa huko. Hilo lililipuliwa, kwa makusudi na kwa mpango. La Great Yarmouth lililipuka. Kiambishi kimoja tu kinazitenganisha kazi iliyokwenda vizuri na kazi iliyokwenda mrama, nasi tunaziita zote kutegua.

Ndugu yangu unayeandika vichwa vya habari, najua muda ni mfupi na taarifa imekuja kwa lugha nyingine. Tafuta ndani yake kama kiwashio kilitolewa. Kama kilitolewa, andika "lateguliwa" kwa raha zako. Kama hujaliona hilo, kuna "laharibiwa", ambalo linatosha kwa njia zote tatu. Na kama umeambatanisha video, itazame kwanza.