Wimbo Huo Una Mwenyewe, Jamani

Juzi tena. Nimemaliza kuimba A Nation Once Again ("Taifa kwa Mara Nyingine"), gitaa bado liko mapajani, mtu ananiambia: "Hizi nyimbo za jadi za Ayalandi ni tamu kwa sababu hazina mwenyewe." Jirani yake akamsahihisha: ni wa bendi ya Wolfe Tones! Nikanywa maji.

Mwenyewe ni Thomas Davis, mzaliwa wa Mallow, Cork, 1814. Alisomea sheria, akaishia gazetini. Mwaka 1842 yeye, Charles Gavan Duffy na John Blake Dillon walianzisha gazeti la The Nation huko Dublin, na wimbo ukachapwa humo 1844. Wolfe Tones wamekuja zaidi ya karne nzima baadaye. Rekodi yao iliongoza kura ya wasikilizaji wa BBC World Service ya wimbo bora duniani mwaka 2002, basi watu wakawakabidhi na hati miliki.

Hebu sikilizeni ubeti wa kwanza. Kijana, damu ikichemka, anasema *alisoma* habari za mashujaa wa Ugiriki na Roma: watu mia tatu, na watu watatu. Mia tatu ni Wasparta waliowakabili Waajemi huko Thermopylae, Ugiriki. Watatu ni Horatius na wenzake wawili waliolinda daraja la Roma. Alisoma! Hakusimuliwa na bibi pembeni mwa moto. Huyu ni msomi wa Trinity College, chuo kikuu cha Dublin, Mprotestanti, baba yake daktari wa jeshi la Uingereza.

Hapo huwa najiona nimeshinda, halafu nakumbuka zile shule za vichakani, shule zisizo rasmi za vijijini, ambako hata watoto wa wakulima wa Ayalandi walionja Kilatini. Kumbe Horatius peke yake hathibitishi kwamba mtunzi alikuwa msomi.

Tena Davis mwenyewe alichangia kosa. Alisaini kwa jina la kujibandika, Mkelti. Juu ya mashairi mengi, gazeti lilitaja mahadhi ya zamani ambayo wasomaji waliyajua tayari, na aliyejua kusoma aliwasomea wenzake kwa sauti. Maneno mapya, mahadhi ya babu: nani angemkumbuka mtunzi?

Homa ilimuua Septemba 1845, akiwa na miaka 30, baada ya miaka mitatu tu ya kutunga. Alikuwa mshairi mzuri? Sijui niseme nini. Kuoanisha vina vya freemen (watu huru) na three men (watu watatu) kunanitia aibu kila nikifika hapo, kwa hiyo naongeza mwendo.