3-9x40: Maana ya Namba Zilizoandikwa kwenye Darubini ya Bunduki

Anayenunua bunduki yake ya kwanza ya kuwindia kulungu Marekani hukutana na namba hizi kabla hajaigusa bunduki yenyewe: 3-9x40. Zipo kwenye boksi, kwenye kadi ya bei, na pembeni mwa darubini ambayo tayari imefungwa juu ya bunduki za bei nafuu zinazouzwa kwa pamoja. Wengi huzisoma kama namba za ubora, wakidhani kubwa ni bora kuliko ndogo. Sivyo. Namba hizi zinataja vipimo tu, na vipimo vyenyewe vinasema kitu kimoja muhimu ambacho muuzaji mara nyingi hakitaji.

Tuanze na 3-9. Hiki ni kiwango cha ukuzaji. Ukizungusha pete iliyo karibu na jicho hadi 3, mnyama aliye mita 90 unamwona kama yuko mita 30. Ukifika 9, ni kama yuko mita 10. Darubini yenye namba moja tu mwanzoni, mfano 4x32, haibadiliki: inakuza mara nne siku zote. Ni nyepesi, ina vipande vichache vya kuharibika, na kwa msitu mzito inatosha kabisa, ingawa siku hizi madukani zimekuwa chache.

Namba ya mwisho, 40, ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Si unene wa bomba. Bomba la kawaida lina inchi moja, yaani milimita 25.4, na mengine yana milimita 30. Bomba nene hutoa nafasi zaidi ya kurekebisha msalaba wa kulengea juu na chini, lakini halileti mwanga zaidi kama inavyosemwa kila kona. Ukinunua pete za kufungia, soma unene wa bomba na si upana wa lenzi, maana pete za 30 hazitalibana bomba la inchi moja hata ukazikaza hadi skrubu ikatike.

Sasa, gawanya namba ya mwisho kwa ukuzaji unaoutumia. 40 kwa 9 ni 4.4. Hiyo ndiyo milimita ya duara la mwanga linalotoka kwenye darubini na kuingia jichoni. Ukirudi kwenye 6 linakuwa 6.7, na kwenye 3 linapita 13. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi karibu milimita 7. Ya mtu wa makamo huishia 5 hivi. Duara likiwa dogo kuliko mboni, picha inafifia. Mchana mboni imejikunja, hivyo hutaona tofauti. Tofauti huonekana alfajiri na magharibi, na hizo ndizo saa ambazo kulungu wa mkia mweupe hutoka kula. Majimbo mengi ya Marekani huruhusu kufyatua kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, kwa hiyo dakika hizo za mwanga hafifu si jambo la pembeni.

Hapa ndipo fedha hupotea bure. Mtu huongeza pesa anunue 3-9x50 ili aone vizuri jioni. 50 kwa 9 ni 5.6, kweli ni zaidi. Lakini mwenye 40 akizungusha pete kutoka 9 hadi 7 anapata 5.7 bila kulipa hata senti. Tena lenzi ya 50 inahitaji pete ndefu ili isigonge mtutu, darubini inapanda juu, na shavu halikai tena kwenye kitako cha bunduki. Mpigaji ananyanyua shingo kama twiga, na kila risasi inatoka kichwa kikiwa mahali tofauti. Kwa bunduki ya kwanza, 40 kwenye pete za chini au za wastani ni chaguo lenye akili zaidi.

Namba inayostahili kutazamwa kuliko zote ni ile ndogo ya mwanzo. Kwenye 3, darubini ya kawaida hukuonyesha upana wa mita 10 au 11 kwa umbali wa mita 100. Kwenye 9 unabaki na mita 4 na ushei. Kulungu akitokea vichakani mita 25 mbele yako na pete iko kwenye 9, utakachoona ni manyoya, bila kujua ni bega au ni paja. Ndiyo maana anayetembea huiacha pete kwenye 3 au 4: mnyama wa mbali hukupa muda wa kuizungusha, wa karibu hakupi. Ukiona 4-12 au 6-24 kwa bei ileile, ujue umeuziwa namba kubwa na kunyang'anywa ile ndogo. Eneo la moyo na mapafu la kulungu huyo lina upana wa karibu sentimita 20, na kwa mita 150 au 200 ukuzaji wa mara 6 unatosha kulilenga.

Nyati wa Tanzania ni hesabu nyingine. Huwindwa kwa risasi nzito kama .375 H&H, kwa umbali mfupi, na darubini zinazochaguliwa huanzia 1 au 1.5. (Uwindaji Tanzania ni wa leseni na vibali, na silaha ina sheria yake ya mwaka 2015; Kenya uwindaji wa kitalii umefungwa tangu 1977. Marekani nako kila jimbo lina kanuni zake, na kuna maeneo ambako raifo ya kawaida hairuhusiwi kwa kulungu. Uliza kwanza, nunua baadaye.)

Yasiyoandikwa kwenye 3-9x40 ni mengi kuliko yaliyoandikwa, na ndiyo yanayotenganisha darubini ya dola 60 na ya dola 200. Kwanza ni tabaka za dawa kwenye lenzi zinazozuia mwanga usirudi nje: tafuta maelezo yanayosema kila uso wa kila lenzi umepakwa tabaka nyingi. Maelezo yakisema tu kwamba lenzi "zimepakwa", huenda ni uso mmoja tu. Pili ni gesi ya naitrojeni au agoni ndani ya bomba, ili ukitoka kwenye gari lenye joto kuingia baridini lenzi isishike ukungu kwa ndani.

Tatu ni umbali wa jicho. Kwa bunduki yenye teke, jicho likae sentimita 9 au 10 nyuma ya darubini. Pungufu ya hapo, bunduki ikirudi nyuma, ukingo wa chuma unachora mwezi mchanga juu ya nyusi. Hilo huwapata zaidi wanaoanza na bunduki ya risasi nzito ya .300 Winchester Magnum kwa sababu waliambiwa ni "kali". Anza na .243 Winchester, 6.5 Creedmoor au .308 Winchester: zote zinatosha kwa kulungu, risasi zake zinapatikana kila duka, na hutajifunza kuogopa kifyatulio.

Nne ni marekebisho. Darubini nyingi za aina hii husogeza mlengo robo dakika ya pembe (dakika moja ni sehemu ya sitini ya digrii) kwa kila "tik" ya kifundo, yaani takriban milimita 7 kwa mita 100. Kosa la kawaida kabisa ni kusahau kwamba hesabu hiyo inabadilika na umbali. Kwa mita 25, tik moja haifiki milimita 2. Risasi ikitua sentimita 5 chini ya kati kwa mita 25, unahitaji tik 28 hivi za kupandisha. Asiyejua huzungusha 7, anaona karibu hakuna kilichobadilika, kisha anairudisha darubini dukani akisema ni mbovu.

Na mara nyingi kilicholegea ni skrubu. Bunduki zinazouzwa zikiwa na darubini tayari, kama Savage Axis au Ruger American za aina hiyo, ni njia halali ya kuanza, ila usiamini mkono uliofunga. Hakikisha chemba (sehemu inapokaa risasi) ni tupu, toa bolti (kipande kinachoifunga chemba kwa nyuma), fungua pete, kisha toa darubini ili uzifikie skrubu za kibanio cha chini. Futa mafuta kwenye skrubu na uanze upya: za chini karibu Nm (newton-mita) 2.5, za pete kati ya 1.7 na 2, isipokuwa mtengenezaji ametaja kingine. Kaza za pete kwa kupishana, kidogo kidogo, ili nafasi ibaki sawa pande zote mbili. Kabla ya kukaza kabisa, vaa koti utakalowindia, weka pete ya ukuzaji kwenye 9, fumba macho, weka bunduki begani, fumbua. Ukiona kivuli cheusi pembeni, sogeza darubini mbele au nyuma hadi picha ijae. Koti zito linabadilisha umbali huo kwa sentimita nzima, na wanaofunga darubini wakiwa na fulana huligundua hilo msituni.

Kuweka mlengo sawa kunaanza bila risasi. Bolti ikiwa imetolewa na bunduki imelala imara juu ya mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu uone shabaha ya mita 25, kisha sogeza msalaba hadi uonyeshe palepale. Piga tatu, rekebisha, hamia mita 100, piga tatu tatu. Usirekebishe kwa kufuata risasi moja; fuata katikati ya zote tatu. Acha mtutu upoe, maana mitutu myembamba ya bunduki nafuu hutawanya risasi ikishika moto. Kwa .308 ya kawaida, ukiacha risasi zitue sentimita 5 juu ya kati kwa mita 100, kwa 200 zitakuwa karibu kabisa na kati.

Alama za ziada chini ya msalaba, zile zinazodaiwa kuwa za mita 300 na 400, zina mtego. Kwenye darubini nyingi za bei hii msalaba haukui pamoja na picha, hivyo alama hizo ni sahihi kwa ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida 9. Zitumie kwenye 4.5 na risasi itapita juu ya mgongo. Msalaba wa kawaida wenye nyuzi nene pembeni na nyembamba katikati, ule ambao Leupold waliuleta 1962, hauna hesabu hiyo, na jioni nyuzi nene huonekana hata zile nyembamba zikipotea.

Ukiwa na dola 800 kwa jumla, mgawanyo unaoeleweka ni kama 450 za bunduki, 200 za darubini, 50 za pete na kibanio, na zinazobaki ni za risasi. Hizo za mwisho zisiguswe: boksi tatu za ishirini, aina moja ileile, kwa sababu kubadilisha aina ya risasi kunahamisha mahali inapotua na kukulazimu uanze mlengo upya.