Kabla ya kulipa kodi ya jiko Ngamiani

Watengenezaji wadogo wa achari na ubuyu wanaonijia hapa Tanga huanza kwa kuniuliza namna ya kupata alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), nami huwauliza chakula chenyewe kinatengenezewa wapi. Tangu mwaka 2019, TBS ilipokabidhiwa udhibiti wa chakula uliokuwa chini ya TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, shirika hilo husajili majengo ya chakula na pia huthibitisha ubora wa bidhaa. Kwa hiyo achari tamu inayopikwa katika jiko la familia, mahali panapokaangwa pia samaki wa chakula cha jioni, haifiki mbali.

Anayetafuta chumba Ngamiani au Makorora huvutwa kwanza na vigae vyeupe. Mimi huanza na maji: yanaingia kutoka wapi, na yakishatumika yanatokaje. Nilijifunza kwa hasara, kwani niliwahi kulipia kodi ya miezi sita chumba kilichong'aa, kumbe sakafu yake haikuwa na mwinamo, na mwenye nyumba hakutaka hata kusikia habari ya kuivunja. Siku hizi humwaga ndoo moja ya maji sakafuni kabla ya kuzungumzia bei.

Kisha hutazama mwelekeo wa kazi. Embe zenye udongo ziingie upande mmoja, zioshwe, zikatwe, zipikwe, na chupa zilizofungwa zitokee upande mwingine bila kupishana na embe chafu. Mlango wa choo usifungukie chumba cha uzalishaji, sinki la kunawia mikono lisiwe lile la kuoshea vyombo, na madirisha yawe na wavu.

Asiyemudu chumba cha peke yake aende ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, kuulizia nafasi katika majengo ya viwanda vidogo, pamoja na barua ya utambulisho wa mjasiriamali. Kuchangia jiko na mwenzako kunawezekana, lakini cheti cha jengo lake hakithibitishi bidhaa yako. Na akiwa anasaga karanga, mashine na vyombo visichanganywe kamwe, kwa sababu chembe kidogo tu za karanga zinaweza kumdhuru mlaji mwenye mzio.

Chumba kikikuridhisha, mwombe afisa afya wa kata akitazame kabla hujatia saini mkataba wa pango.