Tiketi unayo, folda bado inakataa: makosa ya Kerberos kwenye NFS

Dhana inayopoteza muda wa watu kuliko zote ni hii, ukiona "Permission denied" basi kimbilia chmod, amri ya kubadilisha ruhusa za faili. Hapana jamani, acha chmod kwanza. Kwenye folda ya NFS (folda ya seva unayoitumia kupitia mtandao) iliyomauntiwa, yaani kuunganishwa kwenye mashine yako, kwa sec=krb5, yaani kwa ulinzi wa Kerberos unaothibitisha wewe ni nani kwa tiketi za muda, ujumbe huo mara nyingi maana yake seva haijakutambua wewe ni nani, haijafika hata hatua ya kuangalia ruhusa za faili, kwa hiyo hata uweke 777 itakukatalia vilevile, na ukija kupata tiketi umeshaacha mafaili wazi kwa kila mtu. Anza na klist, amri inayokuonyesha tiketi ulizonazo.

Wengine wanasema "mbona kumaunti kumekubali, kwa hiyo Kerberos iko poa". Kwenye Linux kumaunti kunatumia utambulisho wa mashine, ule uliomo ndani ya /etc/krb5.keytab (keytab ni faili la funguo za siri za Kerberos), wewe mtumiaji unahitaji tiketi yako mwenyewe. Ndo maana root (msimamizi wa mashine) anaona maunti iko sawa halafu watumiaji wote wanalia.

Halafu saa. Watu wanahangaika na taimuzoni, wakati Kerberos inahesabu kwa UTC, taimuzoni haiihusu kabisa. Kinachoua ni saa za mashine zenyewe kupishana zaidi ya dakika 5, ndo kiwango cha kawaida, so washa NTP (inayosawazisha saa kupitia mtandao) kwenye mashine zote.

Sasa hii ndo inaniuma zaidi maana nimeona watu wanairudia: "keytab ikisumbua, toa nyingine tu". Kwenye Kerberos ya MIT ukipiga ktadd, amri ya kutoa keytab, kawaida inatengeneza funguo mpya na namba ya toleo la funguo inapanda, yaani kopi ya zamani iliyobaki kwenye seva imeshakufa hapo hapo na wewe ndo umeiua. Linganisha: kwenye seva piga klist -ke, kwenye klayenti (mashine inayomaunti) piga kvno nfs/ ukifuatisha jina kamili la seva, namba hizo za toleo zikitofautiana tatizo umelipata. Ukishaweka keytab mpya, piga kdestroy (inafuta tiketi) kisha kinit (inachukua tiketi) upya, maana tiketi ya zamani ya huduma bado imekaa kwenye kashe.

Na jina liwe kamili kweli, kumaunti kwa IP au kifupisho cha jina ambacho DNS haikijui vizuri kunaleta kutafuta huduma ambayo KDC, seva inayotoa tiketi, haina.

Kazi ya usiku ikifeli katikati na "Key has expired", usiiguse seva, tiketi imeisha muda tu, ipe kazi hiyo keytab yake au tumia k5start, programu ya kuhuisha tiketi, iwe inairefresh.